Spacio yangu inakula oili, na fundi ni shemeji

Shikamoo mzee wa gereji,

Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Lushoto na nafanya biashara ya mboga. Mara tatu kwa wiki nashusha kabichi, karoti na hoho kwenda Tanga, soko la Mgandini. Gari langu ni Toyota Spacio ya mwaka 2001, namba D, injini ya 1.8. Viti vya nyuma tulishaving'oa ili mzigo ukae vizuri. Nililinunua mwaka juzi kwa mtu wa pale Tanga likisoma kilomita 171,000. Sasa linasoma 246,000, ingawa kila fundi anayelichungulia anacheka na kusema hizo kilomita zilirudishwa nyuma zamani, hapo niongeze laki moja.

Tatizo linakula oili. Chini halidondoshi kitu, likilala usiku kucha asubuhi pakavu. Mwanzoni nilikuwa naongeza kidogo tu kati ya service na service. Sasa ni lita moja kila wiki moja na nusu hivi. Mwenyewe huwa siuoni moshi, lakini kijana wangu wa kupakia, ambaye hunifuata kwa pikipiki, anasema nikishafika Mombo nikakanyaga mafuta kuingia barabara kuu, nyuma linatoka wingu la bluu.

Fundi wangu ni shemeji, mdogo wake mume wangu. Ni kijana mwenye adabu na haniachi njiani. Pesa ya kazi simpi. Nampelekea mboga, na mkono ukiwa mzuri namtoa kidogo. Alianza na 10W-30 kama tulivyoikuta. Ilipozidi kupungua akaweka namba 40, ile ya kupimiwa kwenye pipa. Siku hizi anaweka 20W-50, anasema injini ikizeeka inataka oili nzito. Kweli moshi ulipungua, kwa wiki chache. Ila asubuhi nikiwasha, hasa kipindi hiki cha baridi, injini inagonga tik tik tik kwa muda ndipo inatulia. Ameniambia pia nisihangaike kumwaga oili, kwa sababu naongeza mpya kila mara, basi iliyomo ni mpya siku zote.

Kilichonifanya niandike ni hiki. Wiki iliyopita nikishuka kona za Soni na mzigo, nilipokanyaga breki taa nyekundu yenye picha ya kikopo cha oili iliwaka, ikazimika. Kona iliyofuata ikawaka tena. Mombo tukaongeza kama lita mbili, haikurudi. Shemeji anasema ni swichi imechoka, atachomoa waya ili nisibabaike.

Dukani Tanga nimeoneshwa oili iliyoandikwa kuwa ni maalumu kwa magari yenye kilomita nyingi. Bei ni karibu mara mbili ya ninayotumia, na muuzaji anasema inarudisha injini upya. Fundi mwingine wa Korogwe aliisikiliza injini akasema imekwisha, nitafute ya mtumba, shilingi 1,800,000 pamoja na kufunga. Mume wangu naye anasema tuliuze sasa hivi moshi ukiwa umepungua, anayenunua atajijua.

Nifuate lipi? Na shemeji nimwambieje bila kuharibu undugu? Kwetu neno dogo linafika mbali.

Mama wa Mboga, Lushoto

*

Marahaba, mwanangu.

Nianze na taa, kwa sababu mengine yote yanaweza kusubiri. Waya ule usichomolewe. Taa nyekundu ya oili haikuambii imebaki oili kiasi gani. Inaangalia presha, na huwaka presha ikiwa imeshuka karibu kuisha kabisa. Kwa hiyo ukiiona, vyuma vinavyozunguka ndani vimeshaanza kukosa utando wa oili unaovitenganisha. Swichi iliyochoka huwaka ovyo, tambarare na mlimani, gari likiwa tupu au limebeba. Ya kwako iliwaka ukiwa kwenye kona, unateremka, umekanyaga breki, kisha ikanyamaza ulipoongeza lita mbili. Swichi gani hiyo inayopona kwa kuongezewa oili?

Injini yako inachukua kama lita 3.7, pamoja na ile inayokaa kwenye filta. Kama ziliingia mbili, basi ulikuwa unashuka Soni ukiwa na chini ya nusu. Oili ndogo hiyo, gari likiwa limeinamisha pua na breki zimekamata, inakimbilia upande mmoja wa sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, na mdomo wa pampu unabaki unavuta hewa. Mara moja, sekunde mbili, injini inavumilia. Ukiyarudia hayo kila safari, beringi za krenki, ule mhimili unaozungushwa na pistoni, zinalika, na zikishalika mlio wake hautakuwa tik tik tena. Utasikia mtu anapiga nyundo ndani, na hapo fundi wa Korogwe atakuwa amesema kweli.

Tangu sasa usishuke kwenda Mombo bila kuvuta dipstiki, kile kijiti cha kupimia oili. Iwe asubuhi kabla hujawasha, gari likiwa mahali tambarare (najua Lushoto patambarare ni pa kutafuta, lakini patafute). Vuta, futa kwa kitambaa, chomeka hadi mwisho, vuta tena, soma. Oili iwe karibu na alama ya juu, isiipite. Ikizidi, krenki inaipiga inakuwa povu, na nyingine inavutwa kwenye bomba la kupumulia injini ikaungue bure. Kutoka alama ya chini hadi ya juu, kwenye injini nyingi za ukubwa huo, ni karibu lita moja; kwa hiyo ukikuta imefika alama ya chini unajua la kufanya bila kubahatisha. Lita moja ya akiba ikae garini siku zote. Na ikitokea taa imewaka huku dipstiki inaonesha imejaa, egesha uzime, usiseme nimalizie tu hadi sokoni. Swichi ifunguliwe, geji ya presha ifungwe kwenye tundu lile lile, isomwe. Geji haina undugu na mtu.

Injini nyingi zinazokula oili nilizoziona zikifa ziliuawa na upungufu huu. Moshi wenyewe ni aibu tu ya barabarani. Gari linaweza kula oili miaka mingi na likafanya kazi, mradi mwenye nalo analilisha.

Sasa tupime. "Lita moja kwa wiki moja na nusu" ni kipimo cha kalenda, na injini haijui kalenda. Lushoto hadi Tanga, kwenda na kurudi, ni zaidi ya kilomita 300. Mara tatu kwa wiki ni karibu 1,000. Kwa hesabu hiyo unaongeza lita moja kila kilomita 1,500 hivi. Vitabu vya Toyota vinavyokuja na gari huandika kwamba injini inaweza kutumia hadi lita moja kwa kilomita 1,000, na wao wanaihesabu hiyo kuwa bado ndani ya mpaka. Binafsi nauona mpaka huo ni wa ukarimu mno, sitaki kuuona kwenye gari langu, lakini ujue kwamba hujaufikia. Unaukaribia. Nunua daftari dogo liwekwe kwenye dashibodi: tarehe, kilomita, umeongeza kiasi gani, na nani ameongeza. Jaza hadi alama ya juu, anza kuhesabu kuanzia hapo. Bila daftari hilo kila utakachojaribu, oili nzito, oili ya bei, oili ya kupuliziwa dua, utaamini kimefanya kazi kwa sababu umelipia.

Kilomita zenyewe, iwe 246,000 au na hiyo laki ya mafundi, zisikutishe. Mmarekani mmoja, Irv Gordon, mwalimu wa sayansi huko New York, alinunua Volvo P1800 mwaka 1966, na mwaka 2013 akavuka nayo maili milioni 3, yaani karibu kilomita milioni 4.8. Vipuri alikuwa akibadilisha, hakuna gari la chuma linalokwenda hivyo bila kuguswa. Ila kumwaga oili kwa wakati kwake kulikuwa kama ibada, na safari zake zilikuwa ndefu, za barabara kuu, injini ikiwa imepata joto lake. Hata haya magari ya mtumba yanayoshuka bandarini, afadhali nipewe lililotembea 200,000 za barabara kuu kuliko la 80,000 za foleni za mjini, la kuwasha, kusogea mita mia mbili na kuzima.

Kijana wako wa pikipiki amekusaidia kuliko mafundi wote wawili, na pengine hajui. Moshi wa bluu ni oili inayoungua. Mweusi ungekuwa petroli inayozidi. Mweupe mzito usioisha, wenye harufu tamu ya kulenti, yaani maji ya kupoza injini, ungekuwa maji hayo yanayoingia ndani. Wako ni wa bluu, na unatoka baada ya mteremko mrefu. Ukishuka umeondoa mguu kwenye mafuta, gari likiwa kwenye gia ndogo, ndani ya silinda kunakuwa na mvuto mkubwa wa hewa. Mvuto huo unanyonya oili kutoka juu, unaipitisha kando ya miti ya vali, kama sili zake ndogo za mpira zimekauka. Oili inajikusanya. Unafika Mombo, unakanyaga mafuta, inaungua yote kwa pamoja. Mpira wa mwaka 2001 uliopikwa na joto la injini miaka yote hiyo usitegemee uwe laini.

Mfanye kijana aangalie mambo mawili zaidi. Kwanza, asubuhi unapowasha: wingu dogo la bluu likitoka mara moja kisha likaisha, nalo linaelekeza kwenye sili za vali, kwa kuwa oili imedondoka usiku taratibu. Pili, unapopanda kurudi, kutoka Mombo kwenda Soni, mguu umekaza: kama moshi unafuatana nawe mlima mzima, hapo ringi za pistoni zinahusika. Inawezekana kabisa vyote viwili vipo. Na kabla ya kufungua chochote kikubwa, kichunguzwe kile kivali kidogo cha kupumulia injini, kinachopeleka mvuke wa ndani ya sampu kwenye njia ya hewa. Kikiziba, injini inashindwa kupumua na inasukuma oili kila penye upenyo. Ni kipuri cha bei ndogo, na mafundi wengi hawakigusi kwa sababu hakipigi kelele.

Kwenye ringi kuna jambo la injini yako. Spacio ya 1.8 ya mwaka huo ina injini ya 1ZZ-FE. Utaiona imeandikwa kwenye kibati cha gari chini ya boneti. Pistoni ina ringi mbili za kuzuia mgandamizo usivuje na moja chini yake ya kukwangua oili kwenye ukuta wa silinda. Oili iliyokwanguliwa inarudi kwenye sampu kupitia vitundu nyuma ya ringi ile. Kwenye 1ZZ za mwanzo vitundu hivyo vilikuwa vidogo. Oili ikichoka inaungulia mle, inakuwa masizi, vitundu vinaziba, ringi inaganda mahali pake, na oili haina pa kurudi isipokuwa kuungua. Toyota baadaye walibadilisha pistoni.

Ukilielewa hilo, utaona kwa nini ushauri wa kutomwaga oili ni mbaya kuliko hata oili nzito. Kuongeza hakuondoi kitu. Masizi, asidi, maji na vumbi la chuma vinabaki mle mle, filta imejaa hadi imefungua njia yake ya dharura na inapitisha oili bila kuichuja, na dawa za kusafisha zilizochanganywa kiwandani zimeshatumika zikaisha. Lita moja mpya ikiingia kwenye lita tatu chafu inachafuka siku ile ile. Na uchafu huo ndio unaoziba vile vitundu. Kwa maneno mengine, gari lilianza kula oili kidogo, mkaacha kuimwaga kwa sababu linakula, na ndiyo maana sasa linakula zaidi.

Nije kwenye namba. Kwenye 10W-30, herufi W inahusu baridi: namba inayoitangulia inaeleza oili inavyotiririka injini ikiwa baridi, na ndogo ni nyepesi zaidi. Namba ya mwisho ni uzito wake ikiwa kwenye joto la nyuzi 100, pale injini inapofanyia kazi. Oili ya 50 ikiwa na joto ni nzito kwa zaidi ya mara moja na nusu ya ile ya 30, kwa hiyo haipenyi haraka kwenye sili zilizochoka. Ndiyo sababu moshi ulipungua. Shemeji hakukudanganya hapo, na 20W-50 si sumu. Kwa injini nyingi za zamani, vitabu vya Toyota vya nchi za joto viliitaja kati ya oili zinazofaa.

Lakini kitabu hakikuandikiwa Lushoto ya Julai. Asubuhi ile ya ukungu, 20W-50 imelala kwenye sampu kama uji uliolala, inachelewa kupanda kwenye shafti za vali na kwenye kikaza mnyororo, na tik tik unayoisikia ni vyuma vikiingoja. Sehemu kubwa ya kulika kwa injini hutokea dakika hizo za kuwasha. Tena 1ZZ yako ina VVT-i, mfumo unaogeuza muda wa vali kwa kutumia presha ya oili inayopita kwenye njia nyembamba zenye kichujio kidogo. Oili nzito na chafu kwa pamoja inauchelewesha, na utaliona gari zito kupanda. Namba 40 ya kwenye pipa ndiyo kabisa sitaki kuisikia: haina W, na hakuna anayejua ni ya daraja gani.

Daraja ndilo watu wengi hawaliangalii. Kwenye dumu tafuta maandishi ya API, chama cha mafuta cha Marekani kinachopanga madaraja ya oili, halafu herufi mbili zinazoanza na S kwa injini za petroli. Herufi ya pili inavyosonga mbele ndivyo oili ilivyo ya kisasa zaidi: SL ilitoka mwaka 2001, SM 2004, SN 2010, SP 2020. Gari lako linataka SL au yoyote iliyofuata. Ukikuta SF, hiyo ni ya magari ya miaka ya 1980, hata kama dumu linang'aa na limechorwa gari la mashindano.

Mimi ningekuwekea 10W-40, API SL au zaidi. Injini inawaka nayo vizuri kwenye baridi ya kwenu, na oili yenyewe inastahimili joto la Tanga ukiwa na mzigo. Imwagwe ya sasa injini ikiwa ya moto, filta mpya, ijazwe. Baada ya kilomita 3,000 imwagwe tena na filta. Rudia hivyo mara mbili au tatu, ndipo uende kilomita 5,000. Oili mpya yenye dawa zake inalainisha masizi kidogo kidogo. Kuna ringi zilizoachia kwa njia hiyo, na kuna zilizogoma. Mtu akikwambia aoshe injini kwa dizeli ili aharakishe, kataa. Uchafu unabanduka mapande mapande na kuziba chujio la pampu, na taa yako nyekundu itarudi kwa sababu nyingine.

Oili ya magari yenye kilomita nyingi ni kitu cha kweli. Ilianzia Marekani, kampuni ya Valvoline ilitoa yake, MaxLife, mwaka 2000, kwa magari yaliyopita maili 75,000, kama kilomita 120,000. Ndani yake kuna dawa ya kulainisha na kuvimbisha kidogo sili za mpira zilizokauka, dawa nyingi zaidi ya kusafisha, na mara nyingi uzito wake uko upande wa juu wa namba iliyoandikwa. Kwa mivujo midogo na sili za vali zinazoanza kuchoka inasaidia, taratibu, baada ya kilomita elfu kadhaa. Chuma kilicholika hairudishi, ringi iliyovunjika haiungi, na sili iliyopasuka haishoni. Muuzaji aliyesema injini inakuwa mpya anauza maneno, ingawa alichoshika mkononi huenda ni bidhaa nzuri.

Kwa hiyo usiinunue leo. Oili ya bei usiitumie kuoshea uchafu wa mwaka mzima. Maliza kwanza kule kumwaga mara mbili au tatu kwa 10W-40 ya kawaida iliyo halali, kisha jaribu ya kilomita nyingi kwa vipindi viwili ukiwa na daftari lako. Kama lita moja iliyokuwa ikikupeleka kilomita 1,500 inakupeleka 2,500, baki nayo. Kama daftari halioni tofauti, rudi kwenye ya kawaida. Yoyote utakayonunua, iwe dukani penye mlango na risiti, lakiri haijaguswa, na dumu tupu ulitoboe kabla ya kulitupa. Madumu mazima yanayouzwa ndiyo yanayojazwa upya. Oili chafu wape wanaopaka nguzo na mbao dhidi ya mchwa, lakini isikaribie mfereji wala shamba la mboga.

Shemeji sasa. Usimtume mume wako, maana neno la kaka kwa mdogo wake kuhusu kazi yake hugeuka karipio, na likisemwa mbele ya mama mkwe ndiyo limefika mbali hilo. Nenda mwenyewe gereji, wakati hana watu. Mwambie: "Shemeji, gari hili ndilo linalolisha watoto, nataka tulihudumie kama la mteja. Oili na filta nitaleta mimi, na kazi yako nitakulipa." Umesikia, nitakulipa. Mtu asiyelipwa hana uso wa kukwambia nunua filta, nunua oili ya bei, leo sifanyi mpaka nipime. Anatafuta njia ya kukupunguzia gharama, na njia hizo ndizo ulizoziandika kwenye barua: oili ya pipa, usimwage, tuchomoe waya. Mengi ya makosa yake yalitoka kwenye kukuonea huruma. Mpe daftari aandike yeye, na wala usilitaje jina la 20W-50, ikishabadilishwa imebadilishwa. Kuhusu waya wa taa tu ndipo uwe mkali, useme wazi kwamba hautaki uguswe.

Mume wako anataka mwuze moshi ukiwa umefichika. Mwulize kama hakuna uwezekano kwamba yule mtu wa Tanga aliyewauzia alisema nyumbani kwake maneno hayo hayo. Gari mnaweza kuuza, hakuna dhambi, lakini liende na daftari lake na bei iseme ukweli. Na baada ya kuuza mtanunua nini kwa pesa hiyo? Spacio nyingine, ya mwaka ule ule, ya mtu mwingine.

Hoja hiyo hiyo inamhusu fundi wa Korogwe. Injini ya mtumba ya 1,800,000 itakuwa 1ZZ nyingine, kilomita zake huzijui, mwenye nayo alikuwa akimwaga oili kila baada ya kilomita ngapi hujui, na vitundu vya pistoni zake huenda ni vile vile. Piga hesabu: tuseme lita ya oili nzuri ni 15,000. Pesa hiyo ya injini inanunua lita 120. Kwa kilomita 1,500 kila lita, ni kilomita 180,000 za kuongeza tu. Sisemi uendelee kuongeza hadi huko. Plagi zitakuwa zinachafuka na ulaji utapanda usipotibu chanzo. Nasema una muda wa kufanya mambo kwa mpangilio, na sili za vali zinaweza kubadilishwa bila kushusha injini, kwa fundi anayejua kuzizuia vali zisidondoke ndani.

Fundi huyo wa Korogwe aliisikiliza kwa sikio tu. Kabla ya kulipa mtu yeyote pesa ya kufungua injini, ipimwe kompresheni, yaani mgandamizo wa hewa ndani ya kila silinda. Plagi zote nne zinatolewa, geji inafungwa silinda moja baada ya nyingine, zinaandikwa. Silinda hazitakiwi kupishana zaidi ya psi 15 hivi, psi ikiwa ni kipimo cha presha kwenye geji. Iliyo chini inamiminiwa kijiko cha oili na kupimwa tena: ikipanda, ringi zake zimelika, isipopanda, tazama vali na gasketi. Zote zikiwa juu na zimelingana huku gari linakula oili, injini haijaisha, kilichobaki ni sili za vali na ile ringi ya kukwangua iliyoganda. Ukishapima, niandikie namba za silinda zote nne. Maneno ya fundi usiyaandike, nitumie namba tu.